Kikombe cha Kijani cha Munene

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu aliye hai. Mnisamehe mapema, maana nimekuja kumshukuru Mungu nikiwa bado nina hasira.

Mnanijua. Mimi ni Mama Munene wa hapa Majimbo, yule ambaye mtoto wake huziba masikio na kulia kwaya ikianza. Munene ana miaka minne. Hospitali ilituambia ana usonji. Nimesoma hadi kidato cha nne na neno hilo sikuwa nimelisikia. Nilichojua ni kwamba alikubali vitu vitatu tu: nduma ya kuchemsha, chapati kavu, na maziwa katika kikombe chake cha kijani. Githeri, hata punje moja ya mahindi au maharagwe yake, ikigusa sahani yake, anatapika.

Na nyinyi mkasema. "Mama Munene, huyo umemdekeza." "Mnyime siku mbili, atakula hata mawe." Mama mmoja hapa, sitamtaja, akaniambia, "Wangu nilimbana pua nikamimina uji. Leo ni askari." Tukacheka. Kisha nikaenda nyumbani nikafanya hivyo.

Ndugu zangu, nilimlaza mtoto magotini, nikambana pua, nikamimina uji wa wimbi. Na kwa ujinga wangu niliutia katika kile kikombe cha kijani, nikidhani atadanganyika. Uji ukaingia njia ya hewa. Midomo ikageuka rangi. Nilimpindua, nikampiga mgongoni mpaka ukatoka.

Tangu hapo akakikataa kikombe. Maziwa hataki, maji hataki, nduma hataki. Akiniona na kijiko anaingia chini ya kitanda. Kesho yake midomo ilikuwa imepasuka, na tangu asubuhi hakuwa amekojoa. Kila akilala naweka mkono kifuani nione kama anapumua. Niliogopa atakufa, na niliogopa kwamba nitakuwa nimemuua mimi.

Mama mkwe wangu, nyanya yake Munene tunayemwita Cucu, akafika kutoka Kiritiri na mzee wa kukata kilimi. Kwetu mtoto asipokula, wengine hulaumu kile kinyama kinachoning'inia kooni. Mzee akaketi kwenye kochi langu, akafungua kitambaa, nikaona kisu chembamba. Mume wangu akaangalia sakafu.

"Mama Munene, mshike kichwa," Cucu akasema. "Ni dakika moja tu."

Nikamshika. Nasema ukweli mbele za Mungu, nilimshika. Na Munene akainua mikono yake miwili akafunika pua.

Pua, ndugu zangu. Kisu hakukijua. Alichokijua ni vidole vyangu.

Nikamwachia kichwa. Nikasema "Yesu" mara moja, na sijui nilisimama vipi, nikajikuta mlangoni na mtoto mgongoni.

"Unaenda wapi?"

"Hospitali, Cucu."

"Utamuua mjukuu wangu na masomo yako."

"Na ukinifuata na huyo mzee, nitapiga nduru Majimbo yote ije."

Hospitalini Munene alitundikiwa dripu. Daktari akatazama koo, akasema kilimi kiko sawa. Kisha akaja dada mmoja anayefundisha watoto kama Munene kula. Hakunifokea. Aliniambia, "Usimlazimishe tena. Kaa chini karibu naye, kula chako, nyamaza. Na kikombe kingine achague mwenyewe."

Akachagua cheupe. Maji akanywa, lakini chakula bado. Tuliporudi nyumbani nikakaa sakafuni na sahani ya nduma, nimempa mgongo, natafuna bila hamu, naomba kimoyomoyo. Nikasikia nyayo. Mkono mdogo ukapita ubavuni mwangu ukachukua kipande. Sikugeuka. Niliogopa hata kumeza.

Sikuja kuwaambia usonji umetoka. Haujatoka. Anakula vitu vitano sasa, na kile kikombe cha kijani akikiona kabatini anarudi nyuma. Lakini yuko hai, na jana alikaa magotini mwangu bila kushika pua. Bwana alimwokoa kutoka mikononi mwangu, kisha akanirudishia. Asante, Yesu.

Mama ambaye mtoto wako hataki kula, mtegemee Mungu huyu, na umpeleke hospitali mapema kuliko mimi. Njoo kwangu, tukae sakafuni pamoja. Na wewe mama wa askari, njoo pia. Ila usije na uji.