Onufrie Hrib, Aliyesimama Kando ya Jiko la Kanisa

Leo, Jumatatu tarehe 14 Novemba 2011, tunamsindikiza Onufrie Hrib. Wengine mmekuja kwa sababu mlimpenda. Wengine, najua, mmekuja kusikia kama litasemwa lile ambalo kijijini husemwa kwa kunong'ona. Litasemwa. Lakini lingoje zamu yake, maana mtu huyu alikuwa na maisha kabla ya hilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Juni 1938 hapa hapa Lunca Seaca, katika nyumba ya mwisho kabla ya msitu, mtoto wa nne wa Ilie Hrib na mkewe Vasilca. Inasemekana siku ya ubatizo hakulia hata alipozamishwa majini mara ya tatu. Alimkodolea padre macho tu. Mama yake wa ubatizo akasema, mtoto huyu ama ni mtakatifu ama anangoja kwanza aone.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1946 hadi 1950, madarasa manne. Mwaka wa 1947, alipokuwa anafundishwa sala ya Baba Yetu, alifika kwenye "usitutie majaribuni" akasimama, akauliza ni baba gani huyo wa kuombwa asiwatie watoto wake majaribuni. Alipigishwa magoti juu ya punje za mahindi mpaka mapumziko. Mwaka uliofuata dini ikaondolewa shuleni, akaja mwalimu mpya kutoka mjini, akataka kila mtoto asimame aseme kwamba Mungu hayupo. Onufrie akasema yeye hajui. Akapigishwa magoti tena, kona ile ile, mahindi yale yale. Hadithi hii aliipenda sana. Alikuwa akiimalizia kwa kusema kwamba magoti yake yalisoma kuliko kichwa.

Mwaka 1953 aliingia kujifunza kazi kwa fundi Haralambie wa kijiji cha jirani, akawa fundi wa majiko ya vigae, yale ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Kuanzia 1957 alijitegemea. Majiko yake yako katika nyumba zaidi ya mia mbili za bonde hili, na mengi bado yanawaka. Jiko la kanisa letu, lile la upande wa wanaume, alilijenga yeye msimu wa vuli wa 1963, na kwa kazi hiyo hakukubali kulipwa.

Alifunga ndoa na Saveta tarehe 22 Oktoba 1961. Saveta alikuwa binti wa Mzee Arcadie, mwimbishaji wa kanisa wa wakati huo, na Mzee Arcadie hakuwa mtu wa kutoa binti kwa kijana aliyejulikana kwa maswali. Akamwambia, nitakupa, lakini kila Jumapili nikuone kanisani mpaka utakapoletwa kwa jeneza. Onufrie akajibu, "Kuja nitakuja, baba. Kuamini sijaahidi." Mzee Arcadie alifikiri kidogo, akasema kuja kunatosha, hilo lingine si kazi yake.

Basi akaja. Miaka hamsini. Alikuja kwenye theluji iliyofika kiunoni, alikuja akiwa na homa, alikuja Jumapili iliyofuata kifo cha Mzee Arcadie mwaka 1969, na alikuja Jumapili iliyofuata maziko ya Saveta ya tarehe 3 Februari 1994, ingawa aliowaahidi wote wawili walikuwa wameshaondoka. Alisimama daima mahali pamoja, kando ya jiko, kofia mkononi. Hakuwahi kukisogelea kikombe kitakatifu cha komunyo wala kijiko chake. Mwimbishaji wetu wa sasa, Mzee Nechifor, alipomwona akiingia alizoea kuwaambia wanaume, "Haya, mwamini wa jiko kafika, tuanze." Naye alikuwa anacheka pamoja nao.

Kicheko kikaisha Machi 1976. Padre Casian alihubiri juu ya mashamba yaliyochukuliwa na serikali, na siku nne baadaye watu wa usalama wakamchukua usiku. Waliomhoji walikuwa na maneno yake yote, neno kwa neno, hata pale alipokohoa. Alirudi baada ya miezi minne, hana parokia, akahamia mbali, akafa mwaka 1988. Kwa hiyo kijiji kikajua kwamba kuna aliyesimama ndani ya kanisa akasikiliza kwa niaba ya wengine, kikajiuliza, nani hapa huja na haamini? Jibu lilikuwa moja tu. Na fundi wa majiko huingia kila nyumba, hukaa siku tatu, husikia kila kitu.

Tangu hapo wanaume walisogea. Kando ya jiko, mahali pazuri kuliko pote wakati wa baridi, paliachwa nafasi ya hatua mbili kumzunguka mtu mmoja. Kazi zikakauka. Mama Ruxanda, ambaye namwona pale na ambaye ameniruhusu kulisema hili, alivumilia dohani iliyoziba kwa misimu mitatu ya baridi. Aliwaambia majirani, "Afadhali moshi kuliko masikio." Mwaka 1985 mtoto wake alipougua kifua ikabidi amwite. Onufrie alifanya kazi siku mbili katika nyumba yenye watu tisa, na katika siku hizo mbili hakuna aliyefungua mdomo, hata mtoto. Alisema hajawahi kufanya kazi kwenye utulivu mzuri kama ule.

Sitaki kuwadanganya mbele ya jeneza lake. Hata nyumbani kwake alishukiwa. Mimi mjukuu wake, niliyekaa naye tangu nilipoacha shule darasa la saba, kabla ya hapo niliitwa shuleni "binti wa masikio", na nilikuwa nikimchunguza. Kutoka upande wa wanawake niliangalia midomo yake. Watu walidhani hasemi kitu kanisani, lakini alikuwa anasema, kwa kuchagua. Tulipokiri imani alikuwa pamoja nasi kwenye "akateswa, akazikwa", na tulipofika "akafufuka siku ya tatu" midomo ilifungwa. Padre alipoomba kwa ajili ya wasafiri, wagonjwa, wanaotaabika na wafungwa, hapo tu alifanya ishara ya msalaba, na "Bwana, hurumia" yake ilisikika. Nilipoona hilo shaka langu lilizidi. Nilisema moyoni, huyu anawaombea wafungwa kwa kuwa kuna mmoja aliyefungwa kwa sababu yake.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anaendelea kwenda. Alisema wapo wanaoamini na hawaji, yeye anakuja na haamini, na Mungu, kama yupo, atajua namna ya kuwapanga. Kisha nikamuuliza lile lingine, kama ni yeye aliyemchongea Padre Casian.

"Nikikwambia si mimi, utaniamini?"

Nikasema sijui.

"Basi kula," akasema, akanisogezea ugali na jibini.

Tarehe 23 Agosti 2009, Jumapili, baada ya ibada, gari la kijivu lilisimama langoni kwetu. Mliliona, maana barabara nzima ilitoka kufagia. Aliyeshuka ni Bibi Eufrosina, binti wa Padre Casian, mfamasia mjini Suceava. Ilisemekana amekuja kumlaani mzee. Hakuja kumlaani. Alikuwa ameomba jalada la baba yake kutoka kwenye kumbukumbu za serikali, akalileta katika bahasha. Nilikuwa nawawekea chakula, kwa hiyo ninayoyasema niliyasikia mwenyewe.

Alimwambia kwamba mtoa habari ameandikwa kwa jina la bandia, lakini asome yale yaliyoandikwa, ataona ni nani. Babu akavaa miwani. Alisoma kurasa zote sita taratibu, akarudia ya nne. Bibi Eufrosina aliweka kidole mahali fulani kwenye karatasi, naye akaitikia kwa kichwa. Jina halikutajwa.

"Jumapili ijayo nitasimama kanisani nilisome," akasema Bibi Eufrosina. "Nisafishe jina lako."

"Baba yako alimjua?"

"Alimjua tangu wiki ya kwanza."

"Alimtaja?"

"Hakumtaja. Hata kwangu."

"Basi tulia, mama. Ule kwanza."

Bibi Eufrosina hakutulia. Alisema miaka thelathini na mitatu watu wanamtemea mate mtu asiyehusika, na mwenye kosa anakwenda kupokea komunyo kila Pasaka mbele yao. Alikuwa analia kwa hasira. Babu alivua miwani, akaikunja.

"Sikiliza, mama," akasema. "Mimi wakinifukuza mle kanisani, nakosa joto la jiko. Yule anaamini. Wakimfukuza yeye, anakosa kila kitu. Na ana watoto."

Mwishowe Bibi Eufrosina alimwomba jambo moja: kwamba siku atakapofariki isemwe angalau kwamba siye. Akajibu kwamba akishakufa waseme juu yake wanachotaka, ila juu ya yule mtu, hapana. Akamrudishia bahasha. Mgeni alipoondoka alimbusu mkono pale langoni, na mimi nilidhani mambo yamekwisha, maana wafagiaji wote waliona. Kufika jioni nikasikia dukani kwamba mzee amekiri na binti wa padre amemsamehe.

Masizi ya miaka hamsini yalimkaa kifuani. Aliugua tangu Septemba 2010, akalazwa mara mbili, na kuanzia kiangazi cha mwaka huu alihitaji kupumzika mara tano kati ya nyumba na kanisa. Alienda mara ya mwisho tarehe 16 Oktoba. Padre Teofil alikuja nyumbani mara tatu kumpa komunyo, na shangazi Aglaia, binti yake, alimsihi akipiga magoti kando ya kitanda. Marehemu alimwambia padre, "Miaka hamsini nimesimama katika nyumba yenu sijadanganya hata siku moja. Usinidanganyishe ya mwisho." Padre Teofil alikaa pale akamshika mkono hadi giza likaingia. Wako waliomuuliza padre kama mtu wa namna hiyo apigiwe kengele. Mmeisikia kengele siku hizi tatu, kwa hiyo mnajua alichojibu.

Alifariki Ijumaa tarehe 11 Novemba 2011, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na mitatu. Kwetu mtu hafi bila mshumaa mkononi. Shangazi alipouwasha alimwambia auondoe, asije akaunguza mto. Shangazi akasema, "Baba, nishikie mimi basi." Akasema, "Nipe. Wewe amini, mimi nitashika." Aliushika mpaka mwisho.

Ameacha binti yake Aglaia na mkwewe Tudose. Mwanawe Dimitrie, baba yangu, aliyefika jana kutoka Torino. Wajukuu wanne, Ilinca, Sorin, Domnica na Vasile. Na dada yake Paraschiva, mwenye miaka themanini na miwili, ambaye hajawahi kumshuku. Bibi Eufrosina yuko hapa pia, mwenye skafu ya kahawia. Anayetaka kumuuliza kama aliyemchongea baba yake ni Onufrie Hrib, amuulize, atajibu. La pili asimuulize.

Jina silijui. Miaka miwili nimewatazama wazee wa kijiji hiki usoni, mmoja mmoja, na watoto wao, nikitafuta. Kila mmoja nimemwona anaweza kuwa yeye. Nadhani hivyo ndivyo mlivyomwona babu.

Langoni pa makaburi iko koliva, ngano tamu ya kuwakumbuka marehemu. Shangazi amechemsha ngano ya kijiji kizima, kwa kuwa aliagizwa na marehemu asirukwe mtu. Kila anayepokea, kama desturi yetu ilivyo, atasema juu yake, "Mungu amsamehe." Ninayegawa ni mimi. Yule mtu, kama yu hai, apokee na aseme. Nami nitatazama sahani tu.

Onufrie Hrib apumzike kwa amani, na yule naye apumzike.