Skrini Tatu, Vidole Vitatu

Benchi la kijiweni, mbele ya duka la vipuri lililofungwa zamani, lina mguu mmoja mfupi, na wanaolikalia wamezoea kuinama upande kama watu wanaotega sikio wasikie umbeya. Jioni ile walilikalia wanaume watatu na chupa moja ya kahawa. Desibeli, mwenye spika. Mkurugenzi, aliyepewa cheo na kofia yake, maana hakuna kitu amewahi kuongoza. Na katikati Rimoti, ndiye aliyekuwa na shida. Kazi yao ni kuonyesha video kwenye sherehe za watu, kila mmoja na kompyuta yake, projekta yake na skrini yake, na juzi walikuwa wameumbuka ukumbi mzima ukiona. Video ya kumuaga meneja wa kiwanda ilianza vizuri, halafu kila skrini ikashika njia yake. Kushoto meneja ameshacheka, katikati ndiyo kwanza anatabasamu, kulia bado anakohoa. Wageni waligeuza shingo huku na huku mpaka wakachoka, wakaamua kula.

Sasa Jumamosi ilikuwa sherehe ya mama yake Rimoti, mkunga anayestaafu, na Rimoti usingizi ulikuwa umempaa. Usikivu wa mama umepungua. Siku hizi anafuata midomo ya anayesema. Kwenye video ya kumuaga yumo dada yake Rimoti, anayeishi mbali na hajaonekana nyumbani miaka mingi, akimtania mama yake kwa upendo. Rimoti aliiona kabisa aibu inavyokuja: upande wa kushoto watacheka kwanza, na mama, ambaye utani haujamfikia, atadhani anachekwa yeye. Wazo hilo lilimuuma kuliko aibu yote ya kiwandani.

— Tatizo ni kebo, alisema Desibeli. Kebo ya kulia ni ndefu mno. Picha inatoka kwenye kompyuta ikiwa nzima, ikifika ukutani imechoka.

— Picha inachoka? aliuliza Rimoti.

— Wewe tembea kutoka hapa mpaka sokoni, halafu urudi uniulize.

Mkurugenzi alitikisa kofia.

— Si kebo bwana, ni joto. Kompyuta ya kulia mliiweka karibu na jiko. Kitu kikipata joto kinalegea.

— Siagi ndiyo inalegea, alisema Desibeli.

— Na video pia. Mbona ilikuwa inavutika?

Rimoti alitaka kucheka, akakumbuka kwamba juzi hiyohiyo yeye mwenyewe aliipepea kompyuta yake kwa kadi ya mwaliko. Akanywa kahawa.

— Basi niwaambie ukweli, alisema Desibeli, akishusha sauti. Kushoto walikaa wakubwa. Wakubwa wakikaa mahali, mambo yanaharakishwa. Nenda ofisi yoyote ukaone.

— Kwa hiyo video iliangalia viti? aliuliza Rimoti.

— Video haina macho. Umeme ndio unajua nani ni nani.

— Afadhali ungebaki kwenye kebo, alisema Mkurugenzi. Sikilizeni. Dunia inazunguka, si ndiyo? Inazungukia upande mmoja. Skrini iliyo upande huo iko mbele ya safari, ya nyuma inafuata. Ni hesabu tupu hiyo.

— Dawa yake?

— Tugeuze ukumbi.

— Ukumbi umejengwa, kaka.

— Basi tugeuze wageni.

Rimoti aliona Jumamosi inakaribia na wenzake wanazidi kwenda mbali.

— Na kuanza je, Mkurugenzi? Wewe si ndiye unayesimama katikati unahesabu moja, mbili, tatu, kila mtu abonyeze?

— Hesabu yangu haina dosari.

— Kwenye mbili ulipiga chafya.

— Chafya haihesabiwi.

— Mimi niliihesabu, alisema Desibeli kwa sauti ndogo.

Wakamtazama. Desibeli akaongeza haraka kwamba hata wangeanza pamoja isingesaidia, maana kompyuta ya Rimoti ina tabia ya kusimama katikati ya kazi ikawaza mambo yake. Rimoti alikuwa anatafuta la kuitetea ndipo alipomwona mama yake anakuja, ametoka zamu, sweta juu ya sare na mfuko begani. Wote watatu wakanyanyuka.

— Shikamoo mama.

— Marahaba wanangu. Kaeni. Mnagombania nini?

Rimoti alimgeukia ili aone midomo yake.

— Video yako mama. Kompyuta tatu, zinakataa kwenda pamoja.

— Kila skrini ina picha yake?

— Hapana, zote picha ileile.

— Sasa kompyuta tatu za nini?

Desibeli alichungulia kikombe. Mkurugenzi alivua kofia, jambo ambalo hata mvuani halitokei. Jibu walikuwa nalo wote. Lilikuwa ndani ya begi la Rimoti, limefungwa kwenye soksi: kidude cha kugawa picha, kinachotoa video kwenye kompyuta moja na kuipeleka skrini zote kwa mpigo. Walikinunua kwa furaha, wakakijaribu mara moja, wakanuniana wiki nzima. Maana kwa kidude kile anayebonyeza ni mmoja, na wawili wanabaki wabeba kebo, na kila mmoja wao alikuwa ameshatangaza nyumbani kwake kwamba fundi mkuu ni yeye.

— Leba wakunga watatu wakisema sukuma, kila mmoja kwa wakati wake, mzazi anachanganyikiwa, alisema mama. Kwetu anasema mmoja, wengine wanashika taa. Haya, Jumamosi atabonyeza nani?

Mkurugenzi alimimina kahawa, chupa ikatoa tone na pumzi. Rimoti alikitazama kidole chake. Alikipenda kidole kile. Kilikuwa kimempa jina.

— Si mimi, alisema akimgeukia mama, na ilimtoka kwa shida.

— Nilikuwa nakuja kukuomba hilohilo, alisema mama. Kila sherehe naona mgongo wako tu. Jumamosi ukae na mimi. Dada yako akisema neno likanipita, uniambie.

Rimoti alifungua begi, akaiweka soksi juu ya benchi, akampokea mama mfuko wake, wakaondoka. Hawajafika kwenye kona, nyuma yao zikasikika sauti mbili:

— Basi nabonyeza mimi.

Desibeli na Mkurugenzi walikuwa wamesema pamoja, neno kwa neno, bila kupishana hata kidogo. Tangu waanze kazi hawajawahi kwenda sambamba namna ile.

Rimoti alicheka mpaka akasimama. Mama akamvuta mkono, anataka kujua kinachochekesha ni nini. Rimoti akamgeuzia uso, akamwambia polepole, na mama naye akacheka.