Buti Chini ya Ngazi ya Kreni

Tarehe thelathini mwezi huu, Mama Shusha anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuendesha kreni. Alianzia bandarini akipakua makontena, kisha akaja kwetu wakati vilima hivi havina kitu ila vigingi vya wapima ardhi. Kila mnara wa umeme wa upepo unaouona kutoka dirisha la kantini umepita mikononi mwake.

Ana desturi moja iliyoichosha ofisi ya usalama kwa kumkemea. Huvua buti zake chini ya ngazi ya kreni, akavaa raba nyepesi, kwa sababu anataka unyayo uisikie pedali. Nasi tukazoea: ukiziona buti, Mama yuko juu, usikatize chini ya mzigo. Wahandisi wageni walipomuuliza yuko wapi bwana wa kreni, aliwaambia anakuja sasa hivi, kisha akapanda mwenyewe.

Jina la Shusha alilipata kwenye mnara wa mwisho. Mnara ule ukikamilika tu, umeme ungewashwa, na hospitali ya mjini ingekuwa ya kwanza kuupata. Mama yake mzazi alikuwa amelazwa huko, akipumua kwa mashine iliyotegemea jenereta bovu. Hakuna aliyetaka mnara ule umalizike zaidi kuliko yeye.

Panga la tatu, lile bawa refu linalozungushwa na upepo, lilikuwa limeshafika juu. Mimi na mwenzangu tulikuwa ndani ya kitovu cha mtambo, spana mkononi, tukingoja kulifunga. Upepo ukaanza kuchachamaa. Panga likiyumba pale, waliomo ndani hawana pa kukimbilia. Meneja alisema kwenye redio tukaze mwendo, imebaki kidogo tu. Mama akajibu neno moja: "Nashusha."

Akalishusha, nasi tukateremka wazima. Upepo haukutulia kwa majuma kadhaa, na katika majuma hayo jenereta lilizimika tena. Mama yake akafariki. Sote tulijua kwa nini. Siku moja baada ya mazishi tulifika kazini tukazikuta buti chini ya ngazi. Hali ya hewa ilikuwa shwari. Panga likapanda, tukalifunga, na jioni hiyo hospitali ikapata umeme.

Leo mashine za wodini hazizimiki, na jenereta lile limefungiwa stoo pamoja na moshi wake. Pampu ya maji ya mji haingojei tena lori la mafuta. Mbuzi wanakula majani chini ya minara bila wasiwasi. Upepo tunao, na hatumbembelezi mtu atuletee.

Niliwahi kumuuliza kantini kama anajuta. Alikoroga chai yake, akasema, "Nanyi mlikuwa na mama zenu, wanawangoja."

Inaniuma mpaka leo, na shukrani yangu sijui niipime kwa kipimo gani. Mama Shusha, asante kwa kila ulichopandisha, na zaidi kwa ulichokishusha. Tunakutakia mapumziko mema na asubuhi zisizo na king'ora. Siku hiyo ya thelathini, ukishavaa buti zako, usiharakishe kuondoka. Mama yangu atakuwa getini. Amesema anataka kukushika mkono mwenyewe.