Fundi Bashiru na Madebe Yaliyopungua Kilimani

Jumanne, tarehe 31 Machi 1914, Fundi Bashiru bin Sefu anaikabidhi pampu ya kituo chetu hapa Songea na kustaafu, baada ya kuitumikia miaka kumi na mitano kamili. Aliyepewa kazi ya kuandika wasifu wake ni Pankrasi, karani wa stoo, ambaye wenzake wanamjua kwa kuhesabu kila kitu mara mbili, hata kama mara ya kwanza amehesabu mwenyewe. Msomaji asitegemee sifa za bure.

Fundi, Myao kwa kabila, alitoka Tunduru mwaka 1899 na kanzu moja, nyundo moja na koleo la kuazima. Pampu mpya ilikuwa imekaa wiki tatu ikipiga kelele bila kutoa tone. Alimwomba ruhusa Bwana Otto, Mjerumani aliyekuwa msimamizi wetu, akaifungua, akakuta ngozi inayovuta maji ndani yake imekauka na kujikunja. Akailoweka kwenye mafuta ya nyonyo siku nzima, akairudisha, na maji yakatoka. Bwana Otto alicheka kwa furaha. Sisi wenyeji hatukucheka. Mgeni anafika leo na kesho anaijua mashine ya Mzungu kuliko Mzungu mwenyewe? Tulimwekea alama ya kuuliza, na wengine hawakuifuta kwa miaka mingi.

Pampu ilikaa bondeni, kando ya kijito kinachoshuka kutoka Matogoro. Wanaume wanne waliusukuma mkono wake, wawili huku na wawili huku, na maji yakapanda kwa bomba hadi kwenye tangi la kilimani, mita thelathini juu. Kila asubuhi kabla ya msukumo wa kwanza, Fundi aliweka kiganja juu ya chuma na kusema jambo taratibu. Alikuwa akisema Bismillahi, kama asemavyo akianza kula. Lakini sisi Wakristo wa misheni tulidhani anaisemesha pampu, tukamtazama kwa jicho la pembeni.

Mwaka 1905 jicho hilo nusura limuue. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimefika Ungoni, na serikali ilimsaka kila aliyedhaniwa kugawa maji kama dawa ya kuzuia risasi. Siku zilezile, mtu mmoja wa kituo hiki aliisoma karatasi iliyokuja na pampu. Iliandikwa kwamba pampu inatoa lita elfu tatu na mia sita kwa saa, yaani madebe mia mbili. Mtu huyo akapanda kilimani kuhesabu yanayoingia tangini. Mia moja na kumi. Madebe tisini hayaonekani! Akashuka moja kwa moja hadi kwa Bwana Otto kumwambia kwamba yule Myao anayeisemesha pampu asubuhi anayageuzia maji ya kituo porini, kwa waasi.

Fundi alitiwa minyororo mchana huohuo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake, maana kamba ya kunyongea ilikuwa ikifanya kazi Songea wakati ule. Mkewe, Bibi Mwamvua, alikaa mlangoni pa stoo akimsihi kila aliyepita, "Shikamoo baba, hesabuni tena. Naomba mhesabu tena tu." Aliwaamkia shikamoo hata waliokuwa wadogo kwake.

Fundi hakuapa wala hakulia. Aliomba vitu vitatu: pampu yake, wasukumaji walewale wanne, na saa ya mfukoni ya Bwana Otto. Alilifungua bomba palepale bondeni, maji yakamwagika kwenye mapipa badala ya kupanda. Kwa saa moja yalitoka madebe mia moja tisini na nane. Kisha akaliunga bomba tena, wanaume wakapumzika na kunywa uji, wakasukuma saa nyingine, safari hii maji yakienda kilimani. Yalifika mia moja na nane, na wasukumaji walikuwa hoi, mmoja amelala chali kwenye nyasi.

Ndipo akamwomba Bwana Otto asome mstari mdogo wa mwisho wa ile karatasi, ambao aliyemshtaki aliuruka. Mstari ulisema kwamba hesabu ile ni ya kupandisha maji mita tano tu. "Kila msukumo unaleta maji yaleyale, Bwana," alieleza Fundi, minyororo ikiwa bado miguuni. "Ila mlima unaichosha mikono, inakwenda polepole. Maji hayajaibwa. Bado yamo kijitoni." Bwana Otto aliisoma karatasi ile mara tatu, kisha akaita mwenye funguo.

Tangu siku hiyo Fundi alijiwekea desturi. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alipima maji ya bondeni na ya kilimani, na kila mara alimtaka karani wa stoo aje kushika saa, ahesabu kwa sauti, aandike na kutia sahihi. Karani alidhani ni utaratibu wa kazi tu. Alilalamikia jua, lakini alikwenda.

Haiwezekani kumaliza bila kutaja kasha la mwaka 1912. Wapagazi kumi na sita walilibeba kutoka Lindi, na ndani yake mlikuwa na pampu ya umeme yenye nguvu za farasi watano. Kituo kizima kilishangilia. Fundi aliizunguka, akasoma kibao chake, akauliza maswali mawili. Kwanza, kijito chetu mwezi wa Oktoba hakitoi hata madebe mia tatu kwa saa. Je, farasi hao watano wanyonye matope? Pili, umeme utatoka wapi, wakati hata taa ya Bwana Otto inakunywa mafuta ya taa? Pampu ile ingali stoo, na kuku wanatagia humo. Mwandishi anawahesabu kuku hao pia.

Sasa niache kujiita mwandishi na karani. Mtu aliyehesabu madebe kilimani mwaka 1905 ni mimi, Pankrasi. Sikupata kumwambia Fundi, wala yeye hakupata kuniuliza. Mwaka hadi mwaka nilijifariji kwamba hajui. Lakini kituo kina watu wengi wanaojua kusoma saa, na hakumwita mwingine hata mara moja. Nimeona haya kuliko ninavyoweza kuandika. Nisamehe, Fundi.

Jumatatu tarehe 2 mwezi huu nilishuka bondeni kama kawaida. Nilimkuta amekwisha kupima na wasukumaji wake, bila kuningoja, anakunjua mikono ya kanzu. Akaniambia, "Kaa kivulini, Pankrasi. Leo andika tu."

Kwa niaba ya wote wa kituo, ahsante kwa maji ya miaka kumi na mitano, Fundi wetu. Nenda salama Tunduru na Bibi Mwamvua, shamba liwapokee vizuri, na Mungu awape afya na miaka ya kutosha. Kuhusu kipimo chako cha mwisho cha kilimani, kimo kitabuni. Ulinitajia mia moja na kumi na mbili, nikaandika, nikatia sahihi. Sikuhesabu.