Sista Amekwama Wapi?

Benchi la kahawa la Acom liko Busia upande wa Uganda, pale malori yanapopanga foleni kusubiri karatasi za forodha, na anayelikalia asubuhi sharti awe na maoni. Profesa hakosi. Jina lake ni Hudson, wakala wa kupitisha mizigo, na chuo kikuu alikionja mwaka mmoja tu. Kontena naye hakosi. Huyo ni Maloba, mpakiaji kutoka upande wa Kenya. Jina alipewa na mabega yake. Asubuhi hiyo Adeke, binti wa kaka yake Acom, alijibanza mwisho wa benchi na kitabu cha mwili wa binadamu mapajani, akiomba wasimwone. Alikuwa amefeli mtihani katika chuo cha uuguzi huko Tororo. Kwa sasa alikaa kwa shangazi yake. Mwezi uliofuata angeurudia, na akifeli tena, angerudi kwao Kiyeyi moja kwa moja.

— Sista, unasoma ama unacheki picha? — aliuliza Kontena.

Walimwita Sista tangu alipopata nafasi chuoni. Zamani alilipenda jina hilo. Siku hizi lilimchoma.

— Nasoma. Sura hii nimeirudia mpaka kitabu kimeanza kuachia gundi.

— Shida yako unasoma miguu kavu, — alisema Profesa. — Mimi huko chuo nilikuwa natia miguu kwa beseni, maji ya baridi. Usingizi unakimbia, damu yote inapanda kichwani.

— Na ulitoka na nini? — aliuliza Kontena.

— Nimonia. Lakini masomo yalikuwa yameanza kuingia!

— Wacha hiyo, manze, — alisema Kontena. — Mtu asome akitembea. Kuna jamaa wa kwetu alisoma jiografia akitembea, akavuka boda bila kujua. Polisi wanamshika, yeye anawatajia mito ya Kongo.

— Banange! Na samaki je? — Profesa alisimama kabisa. — Kichwa cha ngege, Sista, pamoja na macho. Samaki anakumbuka kila nyavu amekutana nayo.

— Angekumbuka, angekuwa kwa sahani? — aliuliza Adeke.

Acom alicheka hadi akamwaga kahawa. Kontena hakutaka kushindwa.

— Sikia hii ya mwisho. Unajirekodi kwa simu, unalala na sauti yako sikioni. Binamu yangu alifanya hivyo na somo la sheria. Alipitwa na mtihani akiwa bado amelala, lakini mpaka leo bibi yake akimuuliza kitu usingizini, anamjibu kwa vifungu.

Adeke alitabasamu kidogo. Ndani, moyo ulikuwa mzito. Hata yeye alikuwa na njia zake: kupaka mistari kalamu ya njano, kuamka alfajiri, kurudia ukurasa mpaka macho yaume. Alijitesa kweli kweli, na bado karatasi ya mtihani ilimtazama kama mgeni.

Dereva wa lori la saruji, Jonan, alikuwa amekuja tu kunywa kahawa akisubiri namba yake iitwe. Hakuwa amewahi kukaa hapo. Alimgeukia Adeke.

— Mimi nauliza tu, dada. Umekwama wapi?

Profesa alimtazama Kontena. Kontena alimtazama Acom. Asubuhi nzima walikuwa wakimtibu, na hakuna aliyejua anaumwa wapi.

— Kila mahali, — alisema Adeke.

— Kila mahali? Hapana. Iko mahali moja unaanzia kukwama.

Namba yake ikaitwa. Akamaliza kahawa, akaaga, akaenda zake.

Adeke alibaki na swali. Kisha alikifunga kitabu, akakiweka kando, akawageukia wale wawili.

— Nisikilizeni. Damu chafu inatoka mwilini, inaingia moyoni upande wa kulia. Chumba cha juu, halafu cha chini. Halafu...

— Halafu? — aliuliza Kontena.

— Halafu inakwenda... — Ukurasa aliuona kabisa, hata ile rangi ya njano, lakini maneno hayakuwepo. Macho yake ndiyo yaliyouzoea ukurasa. Yeye mwenyewe hakuujua.

Alifungua, akatazama, akafunga tena.

— Inakwenda kwa mapafu. Inasafishwa, ndipo inarudi upande wa kushoto.

— Kwa nini irudi? — alidai Profesa. — Si ishakuwa safi, iende tu!

— Haina nguvu ya kufika miguuni. Lazima moyo uisukume tena.

Alisema hivyo, akashangaa kwamba anajua.

Tangu asubuhi hiyo ikawa desturi. Alisoma kipande kidogo nyumbani, akaja benchini mikono mitupu, akawaeleza. Alipokwama, alijua nyumbani arudie nini. Alichokieleza vizuri, alikiacha kwa siku chache kisha akakijaribu tena. Profesa alibisha kila kitu, hata ini. Kuna siku Adeke alirudi nyumbani akitamani kulia, lakini kesho yake alikuja.

Siku moja Acom, ambaye hakuwahi kuuliza, aliweka birika chini.

— Mwanangu, basi marehemu mama yangu, ile miguu yake ilivimba kwa nini?

Adeke alimkumbuka nyanya yake akilazimika kukaa mlangoni bila viatu, na wauguzi waliompa vidonge bila kusema neno. Ni kwa ajili ya miguu ile aliomba chuo.

— Sijui, shangazi. Nipe mpaka kesho.

Kesho yake alimweleza taratibu, akimshika mkono: moyo wa nyanya ulichoka, ukashindwa kuisukuma damu iliyorudi, ikarundikana nyuma, maji yakavujia miguuni. Acom alisikiliza mpaka mwisho.

— Kumbe hakurogwa, — alisema, akajifuta macho kwa kitambaa cha sufuria.

Mtihani ulipofika, Adeke aliukuta ule moyo kwenye swali la kwanza. Alifumba macho, akamsikia Profesa akibisha, akaandika yote aliyowahi kumjibu.

Alifaulu. Alipoleta habari, Kontena alimbeba juu, Profesa akatangaza kwamba ni yeye aliyefundisha, na Acom akamimina kahawa kwa kila mtu aliyepita.

Adeke aliwaacha wapige kelele zao. Kisha akavuta pumzi, akaketi katikati ya benchi.

— Sogeeni, — alisema. — Muhula huu naanza na figo.