Shuka Lililokuwa Likipepea

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya elektroniki ya chuo chetu, fundi mkuu tunayemwita Bwana Nukta anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Tumeombwa tuandike wasifu wa kuchangamsha. Tutajitahidi, lakini walioomba wanajua walichokifanya.

Aliajiriwa kutengeneza redio, akaishia kutengeneza kila kilichokuwa na waya: kengele ya vipindi, mizani ya jikoni, kipaza sauti cha ukumbini ambacho hadi leo hukoroma mkuu wa chuo akikikaribia. Hakuwa mpole. Ukimletea feni iliyokufa, kwanza alikusuta wewe, kisha akaisuta feni, ndipo akashika bisibisi. Wanafunzi walimwogopa mwaka wa kwanza, wakamwiga mwaka wa pili, na kufikia mwaka wa tatu walikuwa wanazisuta feni wenyewe.

Jina la Nukta lilitokana na saa zake za mapumziko. Chuo kilikuwa kimepewa kompyuta tano za nyumbani za zamani, zile ambazo kibodi na mashine ni kitu kimoja, unaichomeka kwenye televisheni ya kichogo, na programu unaipakia kwa kaseti inayolia kama paka aliyekanyagwa mkia. Wenzake walizitumia kuegemezea mlango. Yeye aliketi mbele ya moja akaanza kuchora, nukta baada ya nukta, kwa rangi kumi na sita tu, shuka jeupe lililoanikwa kwenye kamba.

Mchoro ukawa mchezo, ila haukuwa mchezo wa kushinda. Hapakuwa na alama wala adui wa kupigwa risasi. Ulishika kijiti cha michezo kilichochomekwa kwenye mashine, na wewe ukawa upepo. Ukikisukuma taratibu, shuka lilijaa kama tumbo la mtu aliyeshiba. Ukikivuta ghafla, lilijipiga kofi na kivuli chake kikakimbia ukutani. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka, na hakuna aliyemtuma. Mkewe, muuguzi, alikuja siku moja kumletea funguo alizosahau, akacheza mpaka chai yake ikapoa, kisha akasema mbele ya karakana nzima: "Kumbe mashuka unayajua, baba watoto! Basi ya nyumbani yamo kwenye karai, yanakusubiri." Tulimcheka wiki nzima, naye akatununia wiki mbili.

Namna shuka lile lilivyotembea haikuwa siri. Alimweleza kila aliyesimama karibu, atake asitake. Chipu ya michoro ya mashine zile ilitoka kiwandani na kasoro: ikipewa kazi nyingi kwa pamoja ilichelewa kidogo, na mistari ya picha ikayumba. Wengine waliuita ubovu. Nukta alijenga shuka lake lote juu ya ubovu huo. "Mashine isiyo na kasoro itapata wapi upepo?" alikuwa akituuliza. Tulimsihi aihamishie programu kwenye kompyuta mpya, naye akajaribu kwa miaka miwili. Huko shuka lilining'inia limekakamaa kama bati. Unasukuma kijiti mpaka kidole kinauma. Akafuta yote kwa hasira, akarudi kwenye zake. Nazo zikawa zinakufa moja baada ya nyingine, vipuri vya marehemu vikimponya aliye hai, mpaka ikabaki moja.

Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kustaafu, hakutaka saa ya ukutani wala seti ya makochi. Aliomba mashine ile iwekwe kwenye ukumbi wa mapokezi, ili yeyote anayesubiri kuhudumiwa ashike kijiti na awe upepo. Hilo tu. Utawala ukakubali, tukapiga makofi, na hakuna kati yetu aliyeuliza nani ataibeba.

Mkuu wa utawala si mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya. Mtu mbaya unamwekea mlinzi. Aliona mashine imekuwa ya njano, imezungushiwa seloteipu, akaona haya kuiweka mbele ya wageni. Basi Nukta akiwa kwenye likizo yake ya mwisho, bosi wetu akaipeleka dukani ikaboreshwe. Ilirudi nyeupe pe, herufi za kibodi zimechapwa upya, skrini bapa juu yake, na ndani ubao mpya wa saketi usiozidi kiganja cha mkono. Matumbo yake ya zamani, chipu ikiwemo, duka liliyatupa. Tulipofuatilia, gari la taka lilikuwa limeshapita.

Jumatatu iliyopita Nukta aliitwa aje aone sapraizi yake. Alishika kijiti, akakisukuma kushoto, kulia, polepole, kwa nguvu. Shuka halikutikisika.

"Sasa inawaka upesi, mzee! Hata kaseti haiitaki tena," alisema mkuu wa utawala, na uso wake ulijaa upendo wa kweli.

Mtu aliyezisuta feni zote zilizowahi kumfia mikononi hakumsuta. Alisema, "Asante, mwanangu," akaweka kijiti chini taratibu, akaenda kukabidhi funguo za karakana. Angetutukana sote, tungelala kwa amani.

Tunaambiwa tusikuze mambo, eti video ya shuka likipepea ipo, mwanafunzi mmoja aliwahi kuirekodi. Video! Anayeitazama anaona upepo wa mtu mwingine. Huu ndio ugonjwa wetu: tunaheshimu ganda, tunang'arisha ganda, tunakata utepe mbele ya ganda. Tunalipaka kaburi rangi bila kuuliza kama aliyemo ameshakufa. Na hakuna cha kurekebisha. Tumeitafuta chipu hiyo kwa kila fundi tunayemjua, na jibu ni moja: zile zenye kasoro walizitupa zamani, wakabakiza nzima.

Bwana Nukta, asante kwa kengele, kwa mizani, kwa kutufundisha kushika bisibisi kwa adabu na kununa kwa sababu. Asante kwa mkeo aliyetuazima mumewe. Pole, tena pole sana. Tunakuombea afya njema, na macho yako yapumzike. Miaka iliyobaki ni yako mwenyewe: iishi utakavyo, na asitokee mtu wa kukuboreshea.