Asali ya Getrude

Kijiwe cha stesheni ya Mpanda hakina ukuta. Kina benchi, birika la kahawa, na gazeti linaloshuka na treni likiwa na umri wa siku nne. Husoma mmoja, wengine hubisha. Mwaka ule wa tisini na tisa, Mwalimu Gervas alikuwa na miezi miwili tangu amzike mkewe, Getrude, aliyechukuliwa na malaria. Siku hiyo Makoye, waliyemwita Redio, alifungua gazeti, akasoma: "Mke wa mwalimu afa kwa asali yenye sumu. Duru za kuaminika Mpanda zadai mume..." Akalishusha gazeti magotini.

— Endelea, alisema Gervas.

— Basi, Mwalimu.

Ezekia, aliyeitwa Wakili kwa kuwa alishashtakiwa mara tatu, akadakia:

— Mwandishi yuko Dar. Kajuaje?

— Intaneti, bwana! alisema Redio. Siku hizi kompyuta inatafuta habari yenyewe.

— Bila kuuliza mtu?

— Iulize ya nini? Ina mitambo angani. Inaona mpaka kijijini Mwamkulu nani kapika kisamvu!

— Na ndani ya chupa ya asali?

— Haba na haba hujaza kibaba, Wakili. Uongo ukirudiwa, unakuwa ushahidi.

Gervas aliiwaza chupa ile. Asali ya Ugalla. Getrude aliiomba mwenyewe, aondoe uchungu wa kwinini mdomoni. Gervas hakumsimulia mtu, isipokuwa benchi hili, wiki ya matanga. Sasa akamkumbuka mgeni mmoja mwenye kalamu, aliyepita hapa wiki iliyofuata, akawanunulia wote kahawa.

Akatokea Upendo, bintiye anayesoma chuo Dar, begi begani. Treni iliyoleta gazeti ilikuwa imemleta na yeye.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Pole.

— Habari hiyo niliisoma Jumatatu, alisema akilitazama gazeti, kwenye kompyuta ya chuo. Wenzangu wote waliisoma.

— Waandishi hawa hawana maadili! alifoka Wakili. Hawaulizi wahusika!

— Kweli, mzee, alisema Upendo. Lakini habari ya asali waliipata kwa nani?

Wakili akatazama reli. Redio alikunja gazeti mara mbili, mara nne, mpaka likaenea kiganjani.

Upendo akamgeukia baba yake.

— Ile asali imebaki?

Gervas akainuka benchini.

— Ipo. Nusu chupa.

— Basi twende nyumbani, baba. Nitaitia kwenye chai.